Funzo Kutoka Visiwa vya Orkney

Imekuwa mazoea kuamini kwamba mwenye kipaji anayeishi kisiwani hana budi kuvuka bahari ndipo apate kusikilizwa. Maisha ya Peter Maxwell Davies, mtunzi wa muziki wa klasiki wa Uingereza, yanaisuta imani hiyo.

Alizaliwa Salford, mji wa viwanda, mwaka 1934. Mnamo mwaka 1971, akiwa tayari ni mtunzi mwenye jina, alihamia Orkney, visiwa vilivyo kaskazini ya Skotlandi, akaishi kisiwani Hoy katika nyumba isiyokuwa na umeme. Hakujizika huko. Simfoni zake zote 10 alizitunga baada ya kuhamia visiwani.

Mwaka 1977, yeye na wenyeji, akiwamo mshairi George Mackay Brown, walianzisha Tamasha la Mtakatifu Magnus. Kwa kuwa aliwahi kuwa mwalimu wa muziki, hakuwafanya watoto kuwa watazamaji tu. Mwaka 1978 wanafunzi wa sekondari ya Kirkwall waliionyesha opera yake, The Two Fiddlers. Mwaka 1980 ikawa zamu ya watoto wa shule ya msingi.

Mwaka huohuo wa 1980, visiwa vilikabiliwa na mpango wa kuchimba urani karibu na mji wa Stromness. Wananchi waliupinga, naye akatunga The Yellow Cake Revue kuwaunga mkono. Mgodi haukufunguliwa. Hatusemi kwamba muziki ndio uliouzuia. Waliosimama imara ni wananchi, na mtunzi alikuwa mmoja wao.

Heshima ya taifa ilimfuata hukohuko. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 alikuwa mtunzi rasmi wa muziki wa Malkia. Alifariki dunia mwaka 2016 kisiwani Sanday, katika Orkney hiyohiyo.

Wakuu wanaoshughulikia elimu na utamaduni visiwani hawana budi kuyatafakari haya. Si kila kisiwa kitapata mtunzi mashuhuri wa kuhamia. Lakini kila kisiwa kinaweza kuwa na mwalimu wa muziki, vyombo vichache vinavyotunzwa, na ukumbi ambao wazazi watakaa kuwasikiliza watoto wao. Hayo si anasa ya kungojea fedha zibaki. Tukiyapuuza, tusiwalaumu vijana wetu tutakapowaona bandarini wakipanda meli.