Ndururu za Kasha la Nyanya

Jirani yangu alinijia juma lililopita na kifuko cha sarafu kuukuu, mirathi ya nyanya yake, na moja ameitenga. Tundu lake limekwenda kombo. Mnunuzi mmoja alikwisha kumwambia kuwa ni mbovu, akataka kuzichukua zote kwa bei ya chuma chakavu. Nilimsihi asubiri.

Ndururu na senti kumi za Afrika Mashariki, zilizotumika kabla ya Kenya kutoa sarafu zake mwaka 1966, zilitobolewa kiwandani. Pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, nalo lapaswa kukaa katikati. Likihama, huila pembe moja na kuiachia nyingine nafasi tele. Hilo ni kosa la kiwanda, na wakusanyaji huwa tayari kulilipia. Tundu la pili lililopigwa msumari ili sarafu ivaliwe mkufuni ni jambo jingine: ukingo wake una makovu, na madini yamesukumwa upande wa nyuma. Hilo ni jeraha tu, nalo huishusha thamani.

Jaribu pia hivi. Ishike sarafu wima, uigeuze kama ukurasa wa kitabu. Upande wa pili nao wapaswa kusimama wima; ukiwa umelala au kupinduka, mihuri miwili ya kiwanda haikulingana.

Wengi hudanganywa na herufi H au KN. Si kosa, ni alama za viwanda vya Birmingham. Wala si kosa kuona jina la mfalme Edward wa Nane kwenye sarafu ya mwaka 1936. Alijiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa, lakini ndururu zenye jina lake zilikwisha kupigwa chapa na kuenea huku kwetu, ilhali Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikutolewa kwa umma. (Bibi zetu walinunulia chumvi jina ambalo Waingereza hawakuwahi kulishika mkononi!)

Nakuombeni jambo moja, akina mama: msizisugue. Ndimu, ukwaju na majivu huondoa rangi ya miaka, na rangi hiyo hairudi. Jirani yangu alikuwa amekwisha kung'arisha tatu. Zilizosalia tumezifunga kila moja kwa karatasi yake, na Ijumaa dada zake watakuja kuzitazama, kwa kuwa nao wana fungu lao, kabla ya hata moja kuuzwa.