Dawa ya Saratani Isikatizwe



Likizo iliyopita, huko kwetu Keko, jirani alitaka kumtoa mwanawe hospitali kwa kuwa nywele zilipukutika. Alisema dawa inamwua. Mimi nasema sivyo.

Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Baadaye baadhi yao walipona kwa dawa kama siklofosfamidi. Dawa hiyo hufunga nyuzi za DNA ndani ya seli. Seli ikishindwa kujitengeneza, hujiua yenyewe kwa utaratibu. Seli za nywele nazo hudhurika, maana hugawanyika upesi, lakini nywele huota tena. Saratani iliyoachwa nusu huweza kurudi.

Wazazi wetu, kabla ya kukatiza dawa, mwulizeni daktari.