Nani Amesema Kompyuta za Mtowisa Zimekufa?

Mwezi Januari niliteremka Mtowisa kwa ajili ya msiba wa ndugu. Anayetoka Sumbawanga mjini huiacha baridi ya uwanda wa Ufipa, akashuka safu ya Lyambalyamfipa kwa kona zisizo na huruma hadi Muze, kisha akalifuata bonde la Ziwa Rukwa lenye joto na majaruba ya mpunga. Siku ya tatu, kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari huko bondeni, aliniomba nipite shuleni kwake. “Dokta, njoo uone maiti zetu,” aliniambia.

Maiti zenyewe zilikuwa kompyuta 11 zilizopangwa kando ya ukuta, zimefunikwa kwa khanga. Tuliziwasha, zikawaka zote. Kila moja ina kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 500. Kosa lake ni kwamba zinatumia Windows 10, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wanaojiunga na mpango wa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo inazikataa, maana inadai, pamoja na mengine, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Fundi aliyeletwa kuzikagua aliandika mstari mmoja: zimepitwa na wakati, zifutwe kwenye daftari la mali.

Ndugu msomaji, tafakari uamuzi huo. Mashine iliyonunuliwa kwa fedha ya umma, inayowaka, inayoandika, inayokokotoa, inahukumiwa kufa kwa sababu kampuni iliyo ng’ambo ya bahari imebadili ratiba yake ya biashara. Siilaumu kampuni, nayo inatafuta riziki yake. Ninamlaumu msomi wa Kitanzania anayeisoma ratiba hiyo kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Mchana ule tuliifanyia kazi mashine moja. Hatukuifuta Windows. Tulinakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje, tukazima ule uwashaji wa haraka wa Windows, ambao huiacha diski nusu usingizini na kuuzuia mfumo mwingine usiandike juu yake. Kisha, tukiwa ndani ya Windows, tulipunguza eneo lake kwenye diski na kutenga GB 60. Hatua hiyo tuliisubirisha hadi umeme ulipotulia, kwa kuwa ukikatika katikati ya kugawanya diski unaweza kupoteza kila kitu, na umeme wa bondeni tunaujua. Baadaye tulichomeka flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce, tukachagua isakinishwe kando ya mfumo uliokuwapo. Saa mbili hazikuisha. Tangu hapo mashine ile, kila inapowashwa, inauliza: unataka kuingia wapi?

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa akitutazama alisema, kwa mshangao usio na utani, “Kumbe Windows siyo kompyuta?”

Swali lile limenisumbua kuliko zile mashine 11. Mtoto amesoma somo la kompyuta kwa zaidi ya miaka miwili na hakuna aliyemwambia kwamba mfumo endeshi ni programu tu, kwamba ipo mingine, na kwamba mmoja wao ulianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, ukaendelezwa na maelfu ya watu, na unaruhusu yeyote ausome, aubadili na augawe. Tunamfundisha aina moja ya gari halafu tunampa cheti cha udereva. Na kwa kuwa shule haina fedha za leseni, mara nyingi gari lenyewe ni la wizi: nakala iliyopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi pamoja na virusi vyake. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Tunawafundisha vijana uraia saa mbili asubuhi na kuivunja sheria hiyo mbele yao saa nne.

Wapo watakaosema haya ni mageni. Si kweli. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kiofisi iliyozungumza Kiswahili. Wanafunzi wangu wa leo hawajawahi kuisikia. Tulikuwa mbele, tukaketi chini.

Pingamizi ninalolisikia zaidi kwa watumishi wa umma ni hili: “mifumo ya Serikali haitafanya kazi.” Ipi? NeST ya manunuzi na PEPMIS ya kupima utendaji hufunguliwa kwenye kivinjari, na Firefox ni ileile kwenye Linux. Kama ofisi yako ina kifaa au programu inayodai Windows peke yake, ndiyo maana nasema kando, sisemi badala. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha maelfu ya kompyuta zake kwenda Linux, na mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Wapinzani hupenda mfano huo. Hawautaji ule wa jimbo la Kerala, India, ambako shule za umma zimetumia programu huria kwa miaka mingi.

Sitaficha kasoro. Mifumo miwili kwenye diski moja ni kama wake wenza: Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilizuia Linux kuwaka kwenye baadhi ya mashine za aina hii. Tafsiri ya Kiswahili ina mapengo. Na Windows 10 iliyobaki upande wa pili isiingizwe intaneti ovyo. Mwalimu asiyekuwa na mtu wa kumpigia simu atakwama, na hapo ndipo vyuo vyetu vinapostahili kuulizwa vinafanya nini na mamia ya wanafunzi wa TEHAMA wanaokwenda mafunzo kwa vitendo kila mwaka kupanga mafaili na kutumwa chai.

Kwa hiyo nawaomba maofisa wa halmashauri wanaosoma ukurasa huu: kabla hujatia saini orodha ya kompyuta za kufutwa, mwulize fundi swali moja kwa maandishi, umejaribu mfumo gani mwingine? Na jibu alitie sahihi yake.

Juzi kijana wangu wa Mtowisa amenitumia ujumbe. Ameshasakinisha nyingine sita. Moja imegoma, diski yake ilikuwa mbovu kweli, na hiyo ameikubali kuwa maiti. Ile barua ya kuzifuta zote 11 bado iko mezani kwa mkuu wa shule, inasubiri mhuri.