Tarakimu Moja Yatosha Kutia Hasara



Gazeti letu hili huzungumza mara nyingi habari za kuchuma, kuanika na miche mipya. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo lisilonukia karafuu hata kidogo, lakini laweza kumnyang'anya mtu faida ya msimu mzima. Nalo ni hizi hati za PDF tunazoletewa katika simu: mikataba ya kukodi mikarafuu, hesabu za mizani, stakabadhi na orodha za wanachama. Wengi wetu twaziamini kana kwamba zimepigwa lakiri. Mimi nasema imani hiyo haina msingi, na yatupasa kuiacha.

Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa PDF kwa kusudi kubwa moja: ukurasa uonekane sawasawa katika kila mashine, na ukichapwa utoke vile vile. Mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa. Kusudi lake lilikuwa kuhifadhi sura ya ukurasa, wala halikuwa kuufunga usiguswe. Watu wameyachanganya mambo hayo mawili. Programu za kubadili maneno ndani ya PDF zipo tele, nyingine hazina hata malipo, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Hata ile nywila ya kuzuia mabadiliko ni kufuli hafifu, maana ziko programu zisizoijali.

Ni kweli kwamba si kila neno hubadilika kwa urahisi. Ndani ya PDF maneno yamewekwa mahali pake kwa vipimo, mfano wa mikarafuu iliyopandwa kwa kamba. Ukitoa neno fupi ukatia refu, aghlabu mstari haujipangi upya kama katika programu ya kuandikia. Neno hupanda juu ya jirani yake au hutoka nje ya safu. Tena mara nyingi hati huchukua ndani yake maumbo ya zile herufi tu zilizotumika. Herufi isiyokuwamo hubidi iazimwe kwingine, na jicho kali huitambua kuwa ni mgeni.

Lakini tazameni tarakimu. Katika chapa nyingi tarakimu zote zina upana mmoja, na hati ya hesabu aghlabu huwa nazo zote kumi. Kodi ya shilingi 1,200,000 ikigeuzwa kuwa 1,700,000, hapana kinachosogea wala kinachopinda. Zamani mtu aliyekwangua karatasi kwa wembe aliacha kovu, na karani mzoefu aliiinua karatasi kwenye mwanga akaliona. Hapa kovu halionekani kwa macho. Basi mahali palipo dhaifu kupita pote katika hati ndipo hapo hapo penye fedha zetu na kilo zetu.

Liko na kosa la upande wa pili, nalo hufanywa na watu wema. Mtu ataka kuficha namba ya kitambulisho au ya simu kabla ya kuipeleka orodha kwa wengine, akaweka kibandiko cheusi au cheupe juu yake. Macho hayaoni kitu, lakini mara nyingi maneno yangali chini, na yeyote aweza kuyanakili. Januari 2019, huko Marekani, mawakili wa Paul Manafort walipeleka mahakamani hati yenye sehemu zilizofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakayanakili maneno yaliyokuwa chini yake, na siri ikawa habari ya dunia. Ikiwa mawakili wa mji mkubwa yaliwapata hayo, makarani wetu nao hawana budi kuangalia.

Wako watakaosema: basi turudi kwenye karatasi na wino. Siafiki. Karatasi nayo hulowa, huliwa na mchwa na hupotea njiani, na mwanachama aliye mbali hukaa siku nyingi akiingoja. Wengine watasema chama kikataze kabisa kusahihisha PDF. Hilo nalo halifai, kwa kuwa jina lililokosewa lazima lisahihishwe. Tunalohitaji ni kwamba kila sahihisho lifanywe mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo natoa rai hizi tano.

Kwanza, kosa lisahihishwe katika maandishi ya asili, kisha itolewe PDF mpya yenye tarehe mpya na maneno machache yanayoeleza kilichobadilishwa. Kutia viraka katika PDF ya zamani kukome.

Pili, kila kiasi cha fedha na kilo kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia. Mwenye nia mbaya itambidi aguse mahali pawili, na maneno hayana upana mmoja kama tarakimu.

Tatu, hati ya mapatano ipelekwe kwa pande zote mbili wakati mmoja, na nakala ibaki katika ofisi ya chama. Pakitokea ubishi, nakala tatu zilinganishwe.

Nne, lenye kufichwa lifutwe kweli kweli, ama katika maandishi ya asili, ama kwa chombo cha programu kinachoondoa maneno yenyewe. Kisha karani ajaribu kulinakili. Likinakilika, halijafutwa.

Tano, chama kijifunze kutumia sahihi ya kidijitali, ambayo kazi yake ni kuonyesha kama hati imeguswa baada ya kutiwa sahihi. Picha ya sahihi iliyobandikwa chini ya ukurasa siyo hiyo. Picha hiyo mtu yeyote aweza kuikata na kuibandika kwingine.

Haya hayahitaji mtaji mkubwa wala wataalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji karani mwangalifu na mwanachama asiyeona haya kuuliza. Hatupokei gunia kwa kutazama shonno lake tu. Tunalifungua, tunatia mkono, tunapima. Hati ya PDF nayo istahili kupokewa hivyo hivyo. Naiomba kamati iyaweke maneno haya katika mkutano ujao, kabla ya mikataba ya msimu kuanza kuandikwa.

Mkulima Mwenzenu