Msiniite Shujaa

Switi tatu ndizo zilizonipeleka ofisini nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa zamu alizipata mfukoni mwangu wakati wa msako, akaniuliza kwani nimekuja shule kufungua duka. Nikamweleza nina kisukari. Akacheka. Kisukari na switi, wapi na wapi? Jioni hiyo kwenye prepu nilianza kutetemeka, jasho likanitoka, maandishi kwenye daftari yakawa hayasomeki. Mwenzangu wa dawati ndiye aliyekimbia jikoni kuniombea chai ya sukari.

Wiki iliyofuata nilisimamishwa mbele ya shule nzima nikaitwa shujaa. Makofi yakapigwa. Switi sikurudishiwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ukishaitwa shujaa, hakuna anayelazimika kubadilisha chochote. Kazi ya shujaa ni kuvumilia. Sheria inabaki palepale, mgonjwa ndiye anajikunja.

Kwa wale wanaodhani kisukari ni cha wazee wenye vitambi: kuna kile cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kinga ya mwili hushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, basi unajidunga kila siku, maisha yako yote. Ukidunga halafu chakula kichelewe, sukari inashuka. Kipimo kikienda chini ya 4 unahitaji kitu kitamu papo hapo, si baada ya kumtafuta mwalimu wa zamu. Ikipanda nayo, ni kiu na choo, kiu na choo. Sasa mpeleke mtu huyo bwenini, ambako githeri inachelewa kwa sababu kuni zimelowa, choo ni cha kuombea ruhusa, na mifuko inapekuliwa.

Mama yangu anauza nyanya soko la Kagio. Alipoambiwa hospitalini kwamba insulini haitaki joto, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Anajua jua la saa saba linavyofanya kreti ya nyanya. Friji hatukuwa nayo. Akachukua mtungi wa udongo, akauweka kwenye beseni la mchanga uliolowa, kona yenye kivuli, na dawa ndani ya kopo kavu. Shuleni dawa hiyohiyo ilikaa kwenye sanduku la bati, chini ya paa la mabati, kwa sababu friji ilikuwa ya maziwa ya walimu.

Najua mtakachosema. Mwalimu mmoja, wanafunzi sitini. Ukimruhusu mmoja, kesho darasa zima lina kisukari. Kwani barua ya daktari ni ya nini? Shule inayoweza kukagua nywele za kila mtu haishindwi kusoma barua moja. Na ndiyo, kuna wazazi wanaoficha ugonjwa siku ya kujiunga, wakihofia mtoto atakataliwa. Hawangeficha kama wangejua kusema ukweli hakutamponza.

Serikali nayo? Bima ya EduAfya, iliyoanza 2018 kwa wanafunzi wa shule za upili za umma, ilisitishwa mwishoni mwa 2023. Mzigo ukarudi nyumbani, kwa mama wa nyanya. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, tulipofika mahali pa kuchagua kati ya karo na stripi za kupimia sukari. Hapo sikusikia makofi.

Mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini, Leonard Thompson, alikuwa kijana wa miaka 14, huko Toronto, Januari 1922. Rika la mwanafunzi wa kidato cha kwanza! Sayansi ilimaliza sehemu yake ngumu zaidi ya miaka mia iliyopita. Sisi bado tunabishana kuhusu switi.

Ninachodai si huruma. Sukari ikae mfukoni na kipimo kikae darasani. Choo kisiombewe ruhusa. Dawa ipate pahali pa baridi, hata kama ni mtungi. Aliyejidunga ale kwa wakati. Na kila mwalimu na matroni wajue kwamba mwanafunzi akitetemeka na kuongea ovyo, anapewa sukari kwanza, maswali baadaye.

Januari ijayo kuna mtoto wa Kagio atakayefunga sanduku kwenda bweni na sindano zake. Mwacheni na switi zake tatu.