Mafuta yasiyolipuka yapimwe kwanza kwenye bomba

Desemba 1, 1984, ndege ya Boeing 720 iliangushwa makusudi kwenye jangwa la California, Marekani. Ndani hamkuwa na mtu. Rubani aliiongoza kutoka ardhini. NASA na mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, walitaka kujua kama mafuta yaliyochanganywa na polima iitwayo FM-9 yangekataa kulipuka matangi yakipasuka.

Hoja yao ilikuwa ya maana. Ndege ikianguka, balaa kubwa huletwa na mafuta yanayotawanyika hewani kama ukungu. Cheche moja tu, kwisha. Molekuli ndefu za polima huyavuta yamwagike kwa matone makubwa, yasiyoshika moto upesi.

Mambo yakaharibika. Bawa la kushoto lilitangulia kugusa chini, ndege ikageuka ubavu, na kimojawapo cha vyuma vilivyosimikwa chini ili kupasua mabawa kikaikata injini namba 3. Moto mkubwa ukalipuka mbele ya kamera, na kuuzima kukachukua zaidi ya saa nzima. Baadaye FAA ikaachana na mpango huo.

Kwa maoni yetu, jaribio moja lililokwenda kombo lilipewa uzito kupita kiasi. Hata hivyo hatuitetei FM-9. Kasoro yake ilijulikana mapema: yakisukumwa kwa nguvu kwenye kichujio, mafuta hayo huwa mazito na kuziba. Ndiyo maana kila injini ilifungiwa mtambo wa kuzivunja molekuli kabla mafuta hayajachomwa. Shirika gani la ndege litabeba mzigo huo kwa hiari?

Mwaka 2015 watafiti wa Caltech walitangaza polima za namna nyingine. Zinashikana kwa ncha, zinaachiana zikibanwa na pampu, kisha zinashikana upya. Zile za zamani zikishakatika, basi.

Huko ndiko fedha za utafiti ziende, ila wasianze na moto. Mafuta hayo yazungushwe kwenye pampu na vichujio mpaka wahandisi wachoke, tena kwenye baridi kali kama ile ya angani, ambayo huyafanya mafuta ya kawaida nayo yawe mazito. Yakipita hapo, ziangushwe ndege kadhaa, kwa pembe tofauti, na gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.