Risasi ya Shabaha na Risasi ya Nyati

Katika mabwalo ya askari mjini Gitega, na katika vituo vya polisi vya upande wa Muyinga, liko swali ambalo huzuka kila inaposikika kwamba nyati ametoka mbugani na kuingia mashambani: ni risasi gani imfaayo mnyama mkubwa? Wenzetu waliozoea uwanja wa shabaha hujibu upesi kwamba risasi ipigayo pale pale ilipoelekezwa ndiyo bora kwa kazi zote. Wengine husifu risasi ya wawindaji, ile yenye ncha laini, na huongeza kwamba ingefaa hata katika kazi zetu za kila siku. Sisi twaona kwamba kundi la kwanza limekosea juu ya mnyama, na kundi la pili limekosea juu ya sheria. Na kosa la pili ndilo zito zaidi.

Swali hili si la mchezo. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 500, ndiyo kubwa kupita zote nchini Burundi. Humo wamo nyati, viboko na mamba. Hata jina la mto humkumbusha Mrundi neno imvubu, yaani kiboko. Hifadhi hiyo haina ukuta. Mkulima wa Buhinyuza, upande wa Muyinga, hupanda mahindi yake karibu na malisho ya nyati. Hali ni hiyo hiyo huko Karuzi, sehemu ambayo tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 imo katika mkoa wa Gitega. Nyati dume aweza kufikia kilo 700 na zaidi. Wananchi wakimwona humkimbilia mtu wa kwanza mwenye bunduki, na aghalabu mtu huyo ni askari au polisi.

Sasa tuitazame risasi. Lugha yetu imetupa neno moja kwa madini, kwa kichwa kirukacho na hata kwa ganda zima lenye baruti. Basi ieleweke kwamba hapa twazungumzia kichwa. Risasi ya mashindano hutengenezwa kwa sharti moja tu, nalo ni kutoyumba hewani. Gamba lake la shaba ni jembamba na hukunjwa kutoka kitakoni kuelekea nchani, ndiyo sababu nyingi huwa na tundu dogo sana kwenye ncha. Wako wanaoliona tundu hilo wakadhani limewekwa ili risasi ipanuke mwilini. Sivyo, ni alama ya utengenezaji, na mwaka 1990 wanasheria wa jeshi la Marekani waliandika maoni rasmi kueleza jambo hilo hilo. Risasi ya namna hiyo ikimpiga nyati begani, yaweza kuvunjika vipande juu ya mfupa, au yaweza kupita kama sindano. Mpigaji hawezi kujua mapema itafanya lipi.

Risasi ya kawaida ya bunduki aina ya Kalashnikov nayo haikuundwa kwa nyati. Kichwa chake kina gramu 7.9, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde, nguvu ya joule zipatazo 2,000. Risasi ya .375 iliyotolewa na kiwanda cha Holland & Holland cha London mwaka 1912 ina kichwa cha gramu 19.4 na nguvu ya joule zaidi ya 5,500. Hiyo ndiyo inayohesabiwa na wawindaji wa Afrika Mashariki kuwa kipimo cha chini kwa nyati, simba na tembo. Tena wao huchagua: ncha laini iliyofungwa imara kwa pigo la kwanza la nyati, na risasi ngumu isiyopanuka kwa fuvu la tembo au la kiboko.

Kuna watakaotukumbusha habari za Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye risasi ngumu kama za jeshi. Ni kweli. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi, na aliwinda kwa miaka mingi. Askari aliyeitwa usiku na wanakijiji wenye hofu hana elimu hiyo. Afadhali amtazame mamba Gustave wa mto Rusizi na ziwa Tanganyika, ambaye waliomfuatilia walimwona akiwa na makovu ya risasi mwilini, naye akiendelea kuogelea. Na nyati aliyejeruhiwa si kama mamba arudiye majini. Hujificha kichakani, na asubuhi anayekutana naye ni mama aliyekwenda kuchota maji.

Tuje kwa wale wanaotamani ncha laini kazini. Risasi ya kupanuka ilipata jina baya kutokana na karakana ya Waingereza ya Dum Dum, karibu na Calcutta nchini India. Tarehe 29 Julai 1899, mkutano wa The Hague ulipiga marufuku risasi za namna hiyo vitani. Uingereza yenyewe ilishikilia ukaidi hadi mwaka 1907, kisha ikakubali. Mwaka 2010, mjini Kampala, mataifa wanachama wa Mkataba wa Roma yalikubaliana kwamba kutumia risasi hizo hata katika vita vya ndani ya nchi ni uhalifu wa kivita. Mpigaji hawezi kujitetea kwamba alizinunua kwa ajili ya nguruwe pori.

Ndugu zetu polisi watasema kwamba katika nchi nyingi polisi huruhusiwa risasi za kupanuka kwenye bastola, ili zisipite mwilini na kumpata mpita njia. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuibezi. Lakini uamuzi huo hutolewa na serikali kwa maandishi; hautolewi na polisi mmoja dukani. Na pale polisi na askari wanapopiga doria pamoja, hakuna awezaye kutenganisha maganda yaliyookotwa baadaye.

Basi nyati akitoka Ruvubu, mkuu wa kituo awaite kwanza walinzi wa hifadhi walio chini ya OBPE, maana mnyama yumo mikononi mwao kisheria. Askari na polisi wawaondoe watu, hasa watoto na vijana wenye mikuki, na waache njia wazi ya kurudi mbugani. Bunduki ipigwe tu pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, risasi moja moja, na nyuma ya mnyama pasiwe na nyumba. Risasi ile ile iliyo dhaifu kwa nyati huenda zaidi ya kilomita mbili, na vilima vyetu havikosi watu. Kila risasi iliyopigwa iandikwe katika daftari la ghala usiku huo huo, pamoja na mahali mnyama alipoelekea, ili walinzi wamfuate kabla wakulima hawajaamka.